Nani Alimfunza Mwalimu wa Ngumbaru? Upare, Viwanda na Swali Tunalolikwepa

Ripoti za mafunzo ya wakufunzi katika nchi yetu zinafanana kama mapacha. Jedwali la kwanza linaonyesha idadi ya semina, la pili idadi ya washiriki, la tatu mgawanyo wa wanawake na wanaume. Baada ya hapo huja muhtasari wa fomu zilizojazwa siku ya mwisho: ukumbi ulifaa, mada zilieleweka, muda haukutosha. Kisha hitimisho kwamba mafunzo yamefanikiwa na yaendelezwe. Nimeshiriki kupitia ripoti ya aina hiyo kutoka kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Ndani ya kurasa zaidi ya hamsini sikukuta sentensi hata moja inayosema kama wale waliofundishwa kufundisha walirudi kazini wakafundisha.

Kasoro hii ina historia. Wataalamu wa rasilimali watu huizungumzia kana kwamba elimu ya watu wazima viwandani ilizaliwa jana, pamoja na kompyuta na mashine za kisasa. Ukweli ni kwamba taifa hili lilikwisha kufundisha mamilioni ya watu wazima kwa kutumia maelfu ya walimu waliofundishwa kwa siku chache. Tulipata mafanikio na hasara ambazo zingetosha kutuongoza leo, kama tungezikumbuka. Ili nisipotee katika takwimu za taifa zima, nitasimama sehemu moja, milima ya Upare, na hasa Shighatini katika Usangi, Upare ya Kaskazini. Leo Shighatini imo katika Wilaya ya Mwanga. Lakini hadi mwaka 1979, Mwanga ilipotengwa, eneo lote la Upare lilikuwa wilaya moja iliyotawaliwa kutoka Same, na historia ninayoisimulia ni ya Upare huo mmoja.

Hoja yangu naiweka wazi mapema. Semina huanzisha kazi ya kumjenga mkufunzi wa watu wazima, nayo kazi hiyo hukamilika kwa kurudiwa: kutembelewa akiwa kazini, kusahihishwa, kupewa zana na kuheshimiwa na wale anaowafundisha. Kila mara tulipojenga utaratibu wa kumrudia, elimu ilisimama. Kila mara tulipobana matumizi, wa kwanza kuondolewa alikuwa yule anayerudi. Na kwa kuwa vipimo vyetu havikuwahi kumhesabu, hakuna aliyegundua kwamba ameondoka.

Ualimu kabla ya semina

Tuna methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri kwa malezi ya watoto, lakini imetumika sana kuhalalisha uvivu wa kumfundisha mtu mzima. Historia ya Upare yenyewe inaikanusha. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika utafiti wake wa historia ya siasa ya Wapare uliochapishwa mwaka 1969, alionyesha nafasi ya ukoo wa Washana, mafundi wa chuma wa Ugweno, ambao utaalamu wao ulikwenda pamoja na mamlaka kabla Wasuya hawajawapindua. Chuma cha Upare kilitafutwa na majirani, wakiwamo Wachaga. Utaalamu wa namna hiyo haukuandikwa popote. Ulipita kutoka mkono hadi mkono, na aliyekuwa akijifunza hakuhesabiwa kuwa fundi kwa sababu alihudhuria. Alihesabiwa pale jembe lake lilipolima.

Hali ilikuwa hivyo pia katika ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mifereji, ambayo Wapare wameyajenga na kuyatunza kwa vizazi. Kujua mahali pa kuweka bwawa, mteremko wa mfereji na zamu za maji ni elimu ya watu wazima kwa maana kamili. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuwa pia darasa: mzee alielekeza, kijana akafanya, na kosa likaonekana mchana ule ule maji yalipokataa kupita. Sitaki kuipamba zama hiyo. Elimu ile ilikuwa na milango iliyofungwa kwa misingi ya ukoo, jinsia na umri. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho semina zetu hazina: mwalimu na mwanafunzi waliendelea kuonana baada ya somo.

Mnamo mwaka 1900 Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifungua kituo Shighatini. Pamoja na kanisa ikaja shule, na pamoja na shule akaja mtu mpya katika jamii: mwalimu wa kijijini. Mwalimu huyu mara nyingi alikuwa mtu mzima aliyejifunza kusoma akiwa tayari mkubwa, akafundishwa kidogo, kisha akatumwa kufundisha wengine, watoto na watu wazima pamoja. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920 baada ya vita, kazi iliendelea mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika kwa miaka kadhaa. Huo ulikuwa mtihani ambao hakuna fomu ingeweza kuutunga. Mfumo wa kuwaandaa walimu ulipimwa kwa kuondolewa kwa waliouanzisha, na haukuanguka.

Mbiru na swali la nani anapima

Historia ya elimu ya watu wazima Upare haiwezi kutenganishwa na mbiru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni pamoja na machifu walianzisha kodi ya ngazi, iliyomtaka kila mtu alipe kulingana na makadirio ya mali yake, wakaipa jina la ushuru wa kale. Wapare waliikataa. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, na mgogoro ukaendelea hadi wanawake nao wakaingia waziwazi katika upinzani, Usangi ikiwa mojawapo ya vitovu vyake. Hatimaye kodi ile ikaondolewa.

Kilichonivutia siku zote katika mgogoro huu, ambao Kimambo aliuandikia kitabu mahsusi, ni kwamba ubishi haukuwa juu ya fedha peke yake. Watu walikuwa tayari kulipa kodi iliyo sawa kwa wote. Walichokataa ni makadirio: mtu kuja kupima mali yako kwa kipimo usichokijua, kisha kukupangia daraja. Msomaji anayefanya kazi ya tathmini aliweke jambo hili moyoni. Anayepimwa kwa kipimo asichoshirikishwa atatafuta namna ya kukikwepa, awe mkulima wa Usangi mwaka 1945 au mkufunzi wa kiwandani leo.

Miaka michache baada ya mbiru, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, Upare uliteuliwa kuwa mahali pa majaribio ya kisomo cha umma na maendeleo ya jamii. Wazo lilitoka London, ambako mwaka 1944 ilitolewa ripoti iliyohimiza elimu kwa umma katika makoloni ya Afrika. Mpango wa Upare ulichanganya madarasa ya kusoma, kazi za kujitolea za barabara na majengo, na gazeti dogo la wilaya ili waliojifunza kusoma wapate cha kusoma. Ulisifiwa sana katika majarida ya maofisa wa kikoloni. Mtu hahitaji kuwa na shaka kubwa ili aone kwamba serikali iliyotoka kutikiswa na wananchi ilikuwa na sababu ya kutafuta njia nyingine ya kuzungumza nao.

Hata hivyo mpango ule uliacha aina mpya ya mtumishi: ofisa wa maendeleo ya jamii, ambaye kazi yake haikuwa kufundisha darasani wala kutoa amri. Kazi yake ilikuwa kuzunguka, kuwatembelea walimu wa vikundi na kuwasaidia. Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, alianza utumishi wake katika idara hiyo ya maendeleo ya jamii mwaka 1956 baada ya kutoka Makerere. Mtumishi wa aina hii ndiye mhusika mkuu wa makala haya. Nitamwita anayerudi.

Wilaya sita na shilingi thelathini

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikateuliwa wilaya sita ambamo ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ulitakiwa ufutwe kabla mwaka 1971 haujaisha: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kisarawe, Kilimanjaro na Pare. Kwa hiyo Upare ulirudi tena mstari wa mbele, safari hii kwa amri ya taifa huru.

Hapo ndipo neno ngumbaru lilipoenea. Watu walilitumia kwa utani, wakati mwingine kwa kebehi, kumtaja mtu mzima anayekwenda darasani na daftari lake. Wengi wa ngumbaru walikuwa wanawake waliotoka shambani na jikoni wakaketi jioni kwenye madawati ya watoto wao. Aliyewafundisha alikuwa nani? Wakati mwingine mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikwisha kuchoka na watoto tangu asubuhi. Mara nyingi zaidi alikuwa mwalimu wa kujitolea: kijana aliyemaliza darasa la saba, karani wa chama cha ushirika au mkulima anayejua kusoma. Alihudhuria mafunzo mafupi ya siku kadhaa, kisha akaanza kazi. Malipo yake, yalipokuwapo, yalikuwa kifuta jasho cha shilingi 30 kwa mwezi.

Kwa vigezo vya leo tungesema mpango huu usingeweza kufaulu. Walimu hawakuwa na sifa, mafunzo yalikuwa mafupi, malipo yalikuwa ya kuchekesha. Lakini tazama matokeo ya taifa. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ilitangazwa kwamba kiwango kimeshuka hadi asilimia 39, mwaka 1977 kikawa 27, mwaka 1981 kikawa 21, na mwaka 1986 kikakaribia 10. Hata tukizipunguza takwimu hizo kwa sababu ya shamrashamra za kisiasa, bado linabaki jambo kubwa ambalo nchi chache maskini zililifikia.

Siri haikuwa katika zile siku chache za semina. Kuanzia mwaka 1970 serikali iliweka maofisa wa elimu ya watu wazima katika mikoa na wilaya, na waratibu katika ngazi za chini. Kazi yao ilikuwa kuyafikia madarasa. Vitabu vya kiada vilitokana na majaribio ya kisomo chenye manufaa yaliyofanywa kwa msaada wa UNESCO katika mikoa ya kanda ya ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, kati ya mwaka 1968 na 1972. Mwalimu wa kujitolea alipewa kitabu kinachozungumzia pamba, ndizi au ufugaji, yaani mambo ambayo mwanafunzi wake aliyajua kuliko yeye. Kwa hiyo hakulazimika kujifanya mjuzi wa kila kitu. Alileta herufi, mwanafunzi akaleta maana. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa sehemu ya Chuo Kikuu kabla ya kupewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1975, iliwaandaa wale ambao wangewaandaa wengine. Kulikuwa na ngazi, na katika kila ngazi kulikuwa na mtu anayerudi.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliupeleka utaratibu huo mbele zaidi. Karibu viongozi 75,000 wa vikundi vya kusikiliza redio waliandaliwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki, yaani wastani wa watu wasiofika 30 kwa kila kiongozi. Waandaaji walijua kwamba mafunzo yanayoshuka ngazi kwa ngazi hupungua nguvu kama chai inayoongezewa maji. Dawa yao ilikuwa ya busara: maarifa yenyewe yakabebwa na redio na kitabu, kiongozi wa kikundi akabaki na kazi ya kuongoza mazungumzo na kuamua hatua ya kuchukua. Hawakumtaka awe daktari. Na walipopima, hawakuishia kuuliza kama watu wameipenda redio. Walikwenda kwenye kaya wakaangalia kama vyoo vimechimbwa na mazingira yamesafishwa.

Elimu inapofika kiwandani

Katika mwaka huo huo wa 1973, Waraka wa Waziri Mkuu Namba 1, wakati wa Rashidi Kawawa, uliagiza mahali pa kazi pawe na elimu ya wafanyakazi, pawe na mtu wa kuisimamia, na sehemu ya muda wa kazi itengwe kwa masomo. Kwa mara ya kwanza mwajiri, ambaye wakati ule mara nyingi alikuwa shirika la umma, alibebeshwa wajibu wa kuwa shule. Wapare wengi walikutana na elimu hii mbali na milima yao: katika mashamba ya mkonge ya Tanga na ya tambarare za Upare wenyewe, katika viwanda vya Moshi na Dar es Salaam.

Waraka ule ulikuwa wa kimaendeleo kuliko sera nyingi tulizo nazo leo. Lakini ulikuwa na pengo. Kijijini mwalimu wa kujitolea alikuwa na mratibu nyuma yake. Kiwandani mwalimu alikuwa karani au msimamizi wa zamu, na aliyetakiwa kumrudia alikuwa ofisa anayelipwa na menejimenti ile ile iliyohesabu kila saa ya darasa kuwa hasara ya uzalishaji. Mashine zilipokuwa nyuma ya lengo, darasa lilikuwa la kwanza kuahirishwa. Huo ndio mgongano wa asili wa elimu ya watu wazima viwandani, na hauondolewi na mada nzuri za semina. Mkufunzi wa kiwandani hutumikia mabwana wawili: mfanyakazi anayetaka kukua, na mwajiri anayetaka bidhaa leo.

Kulikuwa na sauti nyingine pia. Mwaka 1979 Yusuf Kassam wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha kitabu kilichojengwa juu ya mazungumzo na watu wazima waliojifunza kusoma na kuandika. Aliwauliza wao wenyewe nini kimebadilika. Walizungumza juu ya woga uliowatoka, juu ya kutodanganywa tena, juu ya kujiona watu mbele ya watu. Ilikuwa tathmini ambayo anayepimwa ana kauli juu ya kipimo. Fikra hizo zilistawi Dar es Salaam katika miaka ile, na haikuwa bahati nasibu kwamba mkutano wa kwanza wa dunia wa Baraza la Kimataifa la Elimu ya Watu Wazima ulifanyika hapo mwaka 1976.

Alivyoondoka bila kuagwa

Kilichofuata kinajulikana, ingawa hatupendi kukisimulia kwa utaratibu. Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1977, ilihitaji walimu zaidi ya 40,000 kwa haraka. Nguvu za elimu zikageukia watoto. Ulikuwa uamuzi wa haki, lakini uliacha madarasa ya ngumbaru na wasimamizi wachache. Kisha vikaja vita vya Kagera, uhaba wa miaka ya 1980, na mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kifuta jasho kikachelewa, kikakoma. Baiskeli ya mratibu ikaharibika, isitengenezwe. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakauzwa, na ofisa wa elimu ya wafanyakazi hakuwamo katika orodha ya mali ambazo mnunuzi alizitaka.

Hakuna aliyetangaza kuifuta elimu ya watu wazima. Iliachwa tu. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaojua kusoma na kuandika ni karibu asilimia 78. Vipimo vya sensa na vya mitihani ya miaka ya 1980 havifanani, kwa hiyo tusivilinganishe kama uzito wa mizani moja. Hata hivyo hakuna tafsiri inayoweza kuificha picha: tulifika karibu na kilele, kisha tukateleza, na wakati tunateleza bado tulikuwa tunaandika ripoti za semina.

Leo tunapima nini?

Twende sasa kwenye viwanda vya leo. Serikali inasisitiza ujuzi. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na pale Morogoro kuna chuo maalumu cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa asilimia 6 ya mishahara na imepunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, huku sehemu kubwa yake ikitumika kwa mambo mengine ya serikali na si mafunzo ya ufundi stadi. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi imeleta uanagenzi viwandani na urasimishaji wa ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Haya ni mambo ya kupongezwa.

Lakini tuulize swali la zamani: nani anamfunza yule anayefundisha? Katika uanagenzi, mwalimu halisi wa kijana ni fundi mwandamizi anayesimama naye kwenye mashine. Katika gereji, katika kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba, katika machimbo ya jasi ya Makanya, elimu ya watu wazima inatolewa kila siku na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wao ni walimu. Tunapomrasimisha fundi tunapima anachoweza kutengeneza. Hatupimi anavyoweza kumtengeneza fundi mwingine.

Wengi wa wataalamu wetu hutumia ngazi nne alizozipendekeza Mmarekani Donald Kirkpatrick mwaka 1959: washiriki wameyapokeaje mafunzo, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na taasisi imepata nini. Hakuna ubaya katika ngazi hizo. Tatizo ni kwamba tunapanda ya kwanza, tunachungulia ya pili, kisha tunateremka kwenda kula chakula cha mchana. Ngazi ya tatu inahitaji mtu arudi. Na kurudi hakumo katika bajeti.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kurefusha mafunzo. Sikubaliani nao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliwafundisha wasimamizi wa viwanda zaidi ya milioni 1 namna ya kufundisha kazi, kila kozi ikiwa ya saa 10 tu, na baada ya vita mpango huo ukapelekwa Japani ambako ulipata mizizi mirefu. Mwalimu wetu wa kujitolea naye alipata siku chache. Ufupi haukuwaangusha, kwa sababu wote wawili walipewa zana rahisi na kazi iliyo wazi. Semina ya wiki mbili isiyofuatiwa na kitu ni ghali kuliko siku mbili zinazofuatiwa na ziara nne.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa watumishi wa umma wanaoandaa hadidu za rejea pamoja na wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi wanaozipuuza.

Kwanza, mpango wowote wa kuwaandaa wakufunzi wa mahali pa kazi usihesabiwe kuwa umekamilika siku ya vyeti. Uhesabiwe baada ya miezi 12, kwa maswali matatu: mkufunzi bado yupo, bado anafundisha, na waliofundishwa naye wanafanya nini.

Pili, anayerudi awe na fungu lake lisilohamishwa. Sehemu ya tozo ya ujuzi itengwe kwa ajili ya ziara za ufuatiliaji, na ofisa huyo asiwe mwajiriwa wa kiwanda anachokikagua.

Tatu, wafanyakazi washiriki kuandika kipimo. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yawe na nafasi mezani vigezo vinapotungwa, sawa na mwajiri na wizara. Wapare walitufundisha mwaka 1945 gharama ya kuliacha hilo.

Nne, fundi mwandamizi anayefundisha atambuliwe kwa mshahara na cheo. Shilingi 30 za miaka ya 1970 zilikuwa kidogo, lakini zilisema kitu: kwamba jamhuri inakuona. Mafundi wetu wengi wa leo hawapati hata hicho kidogo. Matokeo yake ni kwamba fundi mwenye akili huficha ujuzi, kwa kuwa anajua kijana anayemfundisha leo ndiye atakayechukua nafasi yake kesho kwa ujira mdogo zaidi. Hapo hakuna semina itakayomsaidia. Ni suala la mkataba wa kazi, na mwanafunzi wangu anayeandika tasnifu kuhusu ufanisi wa mafunzo bila kuugusa mkataba anafanya kazi nusu.

Najua kipingamizi kitakachotolewa. Miaka ya 1970 tulikuwa na chama kimoja, mashirika ya umma na shauku ya taifa changa, mambo ambayo hayawezi kurudishwa kwa waraka. Ni kweli, na mengine hayafai kurudishwa: palikuwa na shuruti, palikuwa na takwimu zilizopikwa ili kumfurahisha mkuu, na mwalimu wa kujitolea alinyonywa kwa jina la uzalendo. Lakini kumtembelea mwalimu darasani kwake si ujamaa wala ubepari. Ni kanuni ya kazi, nayo iliwafaa walimu wa kujitolea wa Upare na wasimamizi wa viwanda wa Marekani vilevile. Kiwanda kinachotuma fundi kuangalia mashine kila wiki, lakini hakimtumi mtu hata mara moja kwa mwaka kuangalia kama wafanyakazi wake wanafundishwa, kimekwisha kusema kipi kati ya vitu hivyo viwili kinakithamini.

Ripoti ya mwaka huu ya mafunzo ya wakufunzi itakapoletwa mezani kwako, ndugu msomaji, ruka jedwali la washiriki. Tafuta ukurasa unaosema nani alirudi, lini, na alikuta nini. Kama ukurasa huo haupo, irudishe ripoti kwa mwandishi wake kabla hujaitia sahihi.